Mama anachemsha, mume kasaini, na mie nimeshika karatasi ya kromiamu

Shikamoo Anti,

Naomba unisamehe barua itakuwa ndefu, manake kichwa kimejaa. Mie ni mdada wa miaka 31, kwetu Usa River, Arumeru, ila sa hivi naishi huku California, Bonde la Coachella, jangwani kabisa, na mume wangu na mtoto wetu wa miezi minne. Nahudumia wazee zamu ya usiku. Mama yangu alikuja mwezi wa tatu kunilea uzazi na bado yupo.

Ishu yenyewe ni maji. Kila mwaka kampuni ya maji ya hapa inatuma ripoti ya maji, mie nilikuwa naitupa pamoja na matangazo ya piza. Mwaka huu sijui nini kilinituma, nikaisoma saa tisa usiku huku namnyonyesha mtoto, nikakuta mstari wa kromiamu-6, sijui madini gani hayo kwenye maji: wastani 14 ppb, kiwango cha juu 10, lengo la afya 0.02. Anti, sifuri nukta sifuri mbili! Nikapiga hesabu kwenye simu, 14 gawanya kwa 0.02, ikaja 700. Mara mia saba. Chini yake kuna neno kansa. Alafu wameandika eti imezidi kiwango lakini kampuni haijavunja sheria mpaka tarehe fulani. Sasa hiyo ni lugha gani?

Kosa langu nikamwambia mama. Mama akasema hakuna shida, maji yanachemshwa. Basi tangu siku hiyo jiko halizimwi. Anajaza sufuria ya lita nne, anaacha itokote mpaka zibaki kama tatu, anasema vidudu vyote vimekufa, anamimina kwenye themosi na hayo ndio anachanganyia maziwa ya kopo ya mtoto nikiwa kazini. Nje joto digrii 45, ndani jiko linawaka. Sufuria imefanya ukoko mweupe chini, na mama akiuona ndio anasema unaona? huo ndio uchafu wenyewe!

Jumamosi iliyopita nimelala nimetoka shifti, kaja kijana mlangoni na tableti, shati limenyooka, anasema anapima maji bure. Mume wangu akamfungulia. Akaweka glasi mbili, moja ya bomba letu na moja ya maji yake aliyokuja nayo, akachomeka kidude chenye vyuma kwenye umeme akatumbukiza. Mie nimeamshwa na kelele za mama. Nakuta glasi ya maji yetu imegeuka rangi ya uji wa ulezi, na mapovu machafu juu, ya kwake iko vilevile. Mama kashika kichwa, "Yesu wangu, mjukuu wangu anakunywa hii?" Mume wangu akasaini palepale. Mashine ya kuweka nje ya nyumba, inasafisha nyumba nzima, dola 119 kila mwezi kwa miaka 10. Tunakaa nyumba yetu, hatujapanga, ila hiyo hela hatuna Anti, mie nikiongeza zamu mtoto analelewa na nani?

Mwisho kuna kitu sijamwambia mtu. Miaka miwili iliyopita mimba yangu ya kwanza ilitoka ya wiki kumi. Tulikuwa tumehamia hapa mwaka mmoja hivi. Tangu nisome ile karatasi nawaza ni haya maji. Na mtoto sasa ana vipele shingoni na mgongoni, mama anasema ni hiyo sumu inatoka. Naogopa hata kumuogesha. Nifanyeje?

Mama wa Jangwani

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

La mkataba nilikujibu inboksi siku ileile manake siku tatu hazisubiri safu, ila naliweka na hapa kwasababu najua kijana wa tableti ashapita kwa wengi. Sheria ya Marekani inasema mtu akikufuata nyumbani akakuuzia kitu cha kuanzia dola 25, una siku tatu za kazi za kughairi bila kutoa sababu yoyote, na Jumamosi ni siku ya kazi, Jumapili ndio haihesabiki. Mmesaini Jumamosi, basi mwisho ni saa sita usiku, Jumatano ikiisha. (California, aliyesaini akiwa na miaka 65 kwenda juu anapewa siku tano.) Kwenye yale makaratasi lazima iwepo fomu ya kughairi, nakala mbili. Mumeo asaini moja, aweke tarehe, aitume posta kwa rejista, risiti aipige picha. Asimpigie simu yule kijana kumuaga, simu haina risiti na kijana kazi yake ni mdomo.

Na mkiwa mnapanga foleni posta mwambie mumeo apige hii hesabu, 119 mara miezi 120 ni dola 14,280. Hiyo ni bei ya gari zuri tu la mkononi.

Sasa ile glasi ya uji wa ulezi. Mwanangu mie nimestaafu maabara ya maji, hilo igizo nalijua kabla huyo kijana hajazaliwa. Vile vyuma vyenyewe ni chuma cha kawaida. Ukipitisha umeme kwenye maji yenye madini, chuma kinalika, kutu inamwagika humo, ndio hiyo rangi uliyoiona. Uchafu umetoka kwenye kidude chake. Maji aliyokuja nayo yameondolewa madini yote kwahiyo umeme haupiti vizuri, ndio maana yakabaki meupe. Akirudi mwambie sawa, chota chumvi ya jikoni kijiko cha chai, tia kwenye glasi yake, koroga, halafu mwambie achomeke tena. Yatageuka uji kama yenu. Kromiamu-6 ya 14 ppb haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiwa nyingi kupita kiasi inapaka maji unjano, lakini hapo tunaongelea kiasi kikubwa kuliko chako mara nyingi sana.

Na kitu kilichoniudhi zaidi, nimeangalia picha ya mkataba uliyonitumia: hiyo mashine ni ya kulainisha maji kwa chumvi, imeunganishwa na tangi la mkaa. Ya chumvi inakamata kalisi na magnesi, vitu vyenye chaji chanya. Kromiamu-6 kwenye maji inatembea na chaji hasi, inapita humo kama haioni mtu. Mkaa wa kawaida nao hauishiki vya kutegemea. Yani mngelipa miaka kumi, sabuni ingetoa povu zuri, nywele zingelainika, na kromiamu mngeendelea kuinywa kama kawaida.

Turudi jikoni kwa mama. Mama hajakosea bure. Sisi wote tumelelewa na wimbo mmoja, chemsha chuja funika, na kwa kipindupindu na taifodi na minyoo wimbo huo umeokoa watu wengi sana. Ila kromiamu haina uhai wa kuuliwa, ni madini. Maji yanapaa kama mvuke, yenyewe inabaki kwenye sufuria. Lita nne zenye 14 zikibaki tatu, 14 mara 4 gawanya kwa 3, mmefika karibu 19. Mtoto alikuwa anapewa maji yaliyozidi yale ya bombani. Na ile dawa ya klorini tunayotia kwenye ndoo nyumbani nayo haisaidii hapa, klorini hata inaweza kuigeuza ile kromiamu-3 isiyo na neno kuwa kromiamu-6.

Mwambie mama hivi, na yeye mtu wa Meru atakuelewa kuliko mtu yeyote: kwetu kule maji yana floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Watu wa Arumeru wamechemsha maji maisha yao yote, je meno yaliacha kuwa ya kahawia? Hayakuacha. Floraidi ilikuwa inacheka na moto. Ndio maana pale Ngurdoto serikali ikaweka kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, wakahangaika na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwasababu kuni na mkaa wa kawaida vilishindwa. Maji ya huko jangwani kwenu ni ndugu yake. Kromiamu ya Bonde la Coachella kwa sehemu kubwa imetoka kwenye mawe na mchanga wenyewe, maji ya visima yamekaa humo chini miaka na miaka, na madini ya manganizi yakaigeuza kutoka 3 kwenda 6.

Nasema hivi kwasababu najua ukitafuta jina la kromiamu-6 cha kwanza kukutokea ni Hinkley, mwendo wa masaa mawili hivi kwa gari kutoka kwako, na utatetemeka. Hinkley ni stori nyingine. Pale kampuni ya gesi na umeme ya PG&E ilikuwa na kituo cha kusukuma gesi, kuanzia 1952 mpaka 1966 walitia kromiamu-6 kwenye maji ya kupozea mitambo isishike kutu, halafu wakayamwaga kwenye mabwawa yasiyotandikwa kitu chini, ikazama mpaka kwenye visima vya watu. Mwanamama Erin Brockovich aliyekuwa karani ofisi ya wanasheria akafukua makaratasi, na 1996 kampuni ikalipa dola milioni 333. Kwenu hakuna aliyemwaga. Sumu ni ileile kwa jina, ila hakuna wa kumshtaki, na hilo linawachosha watu wengi wa bonde lenu manake bili ya kusafisha inakuja kwao wenyewe.

Haya, namba zako. Ppb ni sehemu moja katika bilioni. Chukua simtanki la lita 1,000, lile la nyumbani, kromiamu yote iliyomo kwa 14 ppb ingekuwa kama nusu punje ya mchele. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaruhusu kromiamu yote kwa ujumla 50, na Afrika Mashariki tumefuata hiyohiyo 50. Serikali kuu ya Marekani inaruhusu 100, tangu 1991. Ulaya wanashuka kwenda 25 ifikapo 2036. Kati ya majimbo ya Marekani, California peke yake ndio imetenga kromiamu-6 na kuiwekea 10. Kwahiyo maji yako yangepita karibu kila mahali duniani, usidhani unakunywa maji ya betri.

Lakini sikudanganyi kwamba 10 ni mstari wa usalama. Ile 0.02 uliyoiona waliipata 2011 kwa kuuliza swali la afya tu: kiasi gani mtu anywe lita mbili kila siku miaka 70, hatari iongezeke mtu mmoja katika milioni? Hiyo 10 imeuliza na hela: mitambo itagharimu kiasi gani na nani atalipa. Waliiweka 2014, mahakama ikaifuta 2017 kwa kusema jimbo halikupima vizuri kama gharama zinabebeka, ikarudi tena ikaanza kazi Oktoba 1, 2024. Ni kama Tanzania ilivyoruhusu floraidi 4 miaka mingi wakati WHO inasema 1.5, sio kwamba meno ya Mtanzania ni ya chuma, ni kwamba maji mengine hayakuwepo. Kwa makadirio ya jimbo lenyewe, ukinywa ya 10 maisha yako yote hatari inayoongezeka ni kama mtu 1 katika 2,000. Kwa 14 yako ni kama watu 7 katika 10,000. Sio sifuri, na mie nisingeinywa kama naweza kuitoa kwa bei ya kawaida. Ila hiyo ni ya miaka 70, wewe una mitatu. Karatasi yako wameandika "kwa miaka mingi", nimeiona kwenye picha, wewe saa tisa usiku ukaruka ukaenda moja kwa moja kwenye kansa.

Na ile lugha ya "imezidi lakini haijavunja sheria": kampuni zimepewa muda wa kujenga mitambo, kubwa zenye maunganisho ya wateja 10,000 kwenda juu mwisho Oktoba 1, 2026, za kati 2027, ndogo 2028. Mpaka tarehe yao kuzidi peke yake hakuhesabiki kuvunja sheria, ila wanatakiwa wakwambie. Piga ile namba kwenye ripoti uulize maswali mawili: kisima kipi kinalisha mtaa wangu (manake wastani unaficha, mtaa mmoja unaweza kuwa na 6 mwingine 20), na mtambo wenu unaanza lini. Wanapaswa kukujibu, na kama ni shirika la umma mikutano yao iko wazi kwa kila mtu.

Cha kufanya wiki hii. Nunua filta ya RO (reverse osmosis) ya chini ya sinki, ile inayosukuma maji kwenye utando, inakuja na kibomba chake kidogo pembeni ya bomba kubwa. Dola mia mbili, mia tatu, unapata nzuri kabisa, mumeo na bisibisi na Jumapili moja inatosha. Kwenye boksi tafuta alama NSF/ANSI 58, halafu, na hapa ndio watu wengi wanaliwa, hakikisha kwenye orodha ya vitu inavyoondoa imeandikwa kromiamu-6 kwa jina. Jagi la filta nalo lipo linaloweza, hilo alama yake ni NSF/ANSI 53, ila mengi ya dukani ni ya klorini na ladha tu, na ile filta ya ndani ya friji vilevile. Badilisha vichujio kwa tarehe walizoandika, weka alamu kwenye simu. Ukishafunga na ukawa na hela kidogo, peleka chupa moja maabara iliyoidhinishwa na jimbo uone kweli imeshuka, mie kwa ugonjwa wangu wa maabara siamini boksi. Mpaka ifike, chukua galoni kwenye yale maduka ya kujaza maji yaliyojaa huko kwenu yenye maandishi "Agua", uliza kama wanatumia RO, mengi wanatumia.

Hayo ndio ya kunywa, ya maziwa ya kopo, ya uji, wali na maharage, manake wali unakunywa maji yote ya sufuria. Kuosha vyombo, kupiga deki, kufua, kuoga, tumia bomba kama kawaida. Kromiamu-6 haipai na mvuke wa bafuni na kwenye ngozi nzima inapita kidogo sana. Muogeshe mtoto, mwanangu. Digrii 45 na jiko linawaka masaa yote na kachanga kamefunikwa kanga mbili, hivyo vipele vya shingoni na mgongoni mie naita harara. Muonyeshe daktari wa watoto kwenye kliniki inayofuata, lakini kwanza zima jiko. Na endelea kunyonyesha.

Sasa lile uliloliandika mwisho. Nimelisoma mara tatu. Pole sana mwanangu, na pole kwa kulibeba miaka miwili peke yako. Mimba zinazojulikana, kati ya 10 na 20 katika kila 100 zinatoka, nyingi ndani ya wiki hizohizo za mwanzo, na nyingi ni kwasababu kijusi chenyewe hakikuumbika sawa tangu siku ya kwanza, hakuna mama aliyekula au kunywa kitu. Kwa kiasi kama hicho cha kwenye bomba lako, mie sijaona utafiti uliokihusisha na mimba kutoka. Panya wa maabara, wakubwa na wadogo, waliopata uvimbe wa mdomo na wa utumbo kwenye utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani, 2007, walinyweshwa miaka miwili maji yenye kromiamu mara maelfu ya yako. Na tumbo la binadamu lina tindikali, inageuza sehemu ya kromiamu-6 kuwa 3 kabla haijafika mbali. Hakuna kipimo cha damu leo kitakachokwambia nini kilitokea ile wiki ya kumi, usiruhusu mtu akuuzie hicho nacho. Mwambie mumeo. Aliyeona glasi imechafuka akasaini dola elfu kumi na nne bila kusoma, huyo naye ana hofu yake, na inawezekana ni hiyohiyo yako.

Mama usimnyang'anye sufuria. Amevuka bahari kuja kusaidia na kuchemsha maji ndio msaada anaoujua. Mpe maji ya kibomba kidogo, achemshe ya chai na ya mtoto, yakianza kutokota tu azime, kwa maziwa ya kopo ya mtoto mdogo hivyo maji moto yanatakiwa hata hivyo. Apewe na kazi ya alamu ya vichujio, atakuwa mkali kuliko simu. Na ule ukoko mweupe unaomtisha ni chokaa tu, mawe ya jangwani kwenu, hauna uhusiano na kromiamu. Siki kikombe kimoja na maji ya moto, ilale usiku kucha, asubuhi inatoka kwa kidole.